Siku Niliyoachia Baiskeli

Mtu anayesukuma baiskeli ya magurudumu matatu kutoka nyuma hufundishwa jambo moja tu: kwenye mteremko usiachie. Baiskeli hizo ni za chuma, nzito, na anayeikalia huiendesha kwa kuzungusha mikono kwa sababu miguu yake haina nguvu. Chini na nyuma ya kiti hupangwa magunia ya sukari, katoni za sabuni, mitungi ya mafuta ya kupikia. Nyingi hazina breki ya maana. Breki ni mikono ya msukumaji. Nilifundishwa hayo Busia, hatua chache kutoka geti la mpaka wa Kenya na Uganda, na mwanamke aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wabebaji, hao wanaovusha mizigo kwa baiskeli hizo, naye akiwa na yake. Alinifundisha kwa mzaha tu. Hakutarajia kwamba mtu kama mimi angewahi kusukuma chochote.

Mimi nilikuwa na saiba karibu na geti, chumba kimoja cha kuchapa barua na kutoa nakala. Nilisomea ualimu, sikuajiriwa, na watu wakaendelea kuniita mwalimu ili kunifariji. Mwenyekiti aliniletea barua za chama nizichape. Alikuwa na mabega ya mtu aliyevuka mpaka mara nyingi kwa siku kwa miaka mingi, na sauti ambayo madereva wa malori waliipisha kabla hawajamwona mwenyewe. Alisoma kila neno nililochapa. Nikiongeza langu, alinirudishia karatasi.

"Hii 'unyonyaji' toa," aliniambia mara moja. "Karani akiiona hatasoma mpaka mwisho."

Nilinuna. Maana kila Jumapili alasiri, nyuma ya saiba hiyo hiyo, tulikutana watu sita kusoma habari za mapinduzi katika nakala nilizotoa mwenyewe. Tuliitana komredi bila haya. Mmoja wetu alikuwa amesoma chuo kikuu Nairobi, na yeye alipoongea sisi wengine tuliandika. Tuliweza kueleza jinsi mtaji unavyozunguka dunia nzima, na kati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba gunia kutoka pale mpaka stendi. Leo najicheka mimi na wenzangu. Wakati ule niliingoja Jumapili kwa hamu, na si kwa ajili ya kanisa.

Kisha tangazo likabandikwa getini. Kampuni moja ilikuwa imepewa mkataba wa kuvusha mizigo yote ya wafanyabiashara wadogo kwa vigari vya injini, na baada ya mwezi mmoja baiskeli zisingeruhusiwa tena kubeba. Wanachama walisomewa tangazo hilo mara mbili, na baadhi yao walilia hapo hapo barabarani. Kwa mtu asiyetembea, ile baiskeli ndiyo kazi, na ndiyo miguu pia.

Mwenyekiti alikuwa na mpango. Waliuita kufuata sheria. Kila mbebaji angefika getini na mzigo wake, adai kila gunia lifunguliwe, kila fomu ijazwe hadi mstari wa mwisho na kugongwa muhuri. Siku za kawaida maafisa wa forodha huwapungia mkono wapite, kwa sababu wakikagua kila kitu hawatamaliza, na maafisa hao hao ndio wanaokagua malori, kwa hiyo foleni yote ingesimama. Chama kilikuwa kimejaribu hivyo zamani kwa nusu siku, na kabla ya saa tisa mkubwa wa pale alitoka ofisini kwake mwenyewe kuja kuwabembeleza. Hakuna aliyeguswa, kwani hakuna kosa lililotendeka.

Komredi wetu, yule wa chuo kikuu, aliusikia mpango huo akatabasamu kwa huruma. Alisema huko ni kumwomba adui ruhusa ya kumpinga. Yeye alitaka barabara ifungwe, baiskeli zipangwe katikati, malori yasimame na nchi nzima ione. Sisi watano tulitikisa vichwa kukubali. Yeye hakuwajua wabebaji. Mimi niliwajua, na ndiyo maana nilitumwa mimi.

Nilimkuta mwenyekiti nyumbani kwake akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Niliongea muda mrefu, tena vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimwambia sheria ni ya wenye kampuni, na kuifuata ni kuwatumikia. Nilimwambia wabebaji wa mpaka wa Malaba wangetuunga mkono, ingawa hakuna mtu wa Malaba niliyekuwa nimezungumza naye. Alinisikiliza huku vidole vikiendelea na omena.

"Na polisi wakikuja?" aliniuliza. "Nyinyi mko na miguu."

"Tutakuwa na nyinyi, Mama. Hakuna mtu ataondoka."

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Halafu akasema sijawahi kumwandikia uongo kwenye barua, kwa hiyo atawaambia wenzake. Nilirudi saiba nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Asubuhi yenyewe wabebaji walifika kabla yetu. Sisi tulichelewa kwa sababu ya bango, ambalo lilikuwa na maneno ambayo hakuna mwanachama aliyeulizwa kama anayataka. Baiskeli zilipangwa kukata barabara, isipokuwa ya mwenyekiti. Yake, Komredi aliiweka mbele, ikielekea geti, mahali barabara inapoteremka, na akaomba ipakiwe magunia ili picha ipendeze. Msukumaji wake siku zote alikuwa kaka yake, mtu mkimya wa makamo. Komredi akanong'ona kwamba kwenye picha ingefaa aonekane mmoja wetu ameshika. Nilimwomba kaka mtu anipishe. Alinitazama, akamtazama dada yake, akanipisha.

Mwenyekiti aligeuza kichwa. "Mwalimu, umeshika?"

Nikamwambia nimeshika.

Madereva walipiga honi mpaka tukazizoea, kisha gari la polisi likaja kutoka upande wa mjini. Bomu la kwanza la machozi lilianguka mbali na mimi. Ninaliandika hilo kwa sababu nimejaribu miaka hii kulisogeza karibu. Halikuwa karibu. Nilikuwa bado naona vizuri, napumua vizuri, na mikono yangu ilikuwa kwenye chuma. Nikaachia. Nilikimbia nikipita kati ya malori, na nyuma yangu nikasikia kishindo cha baiskeli ikiingia mtaroni pamoja na magunia na yeye. Sikugeuka.

Wote sita tulikimbia. Wabebaji walibaki walipokuwa, wakiziba macho kwa nguo zao, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine. Kaka mtu alipigwa akijaribu kumtoa dada yake mtaroni. Baiskeli zilirushwa kwenye lori moja baada ya nyingine na kupelekwa uani kwa polisi kuzuiliwa kama ushahidi wa kesi ya kufunga barabara. Wenyewe waliachwa wameketi juu ya lami.

Nilijificha siku tatu kwa shangazi yangu huko Funyula, nikimsaidia kupukuchua mahindi na kumdanganya kwamba nimechoka na kazi. Huko huko nikapokea kwenye simu taarifa ya Komredi, iliyosema siku ile ilikuwa ushindi mkubwa wa tabaka la wafanyakazi. Alikuwa ameshapanda basi la Nairobi. Picha yangu nikiwa nimeshika ilisambaa, na watu nisiowajua wakanisifu. Nilijichukia kiasi cha kushindwa kula.

Niliporudi nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa ameketi sakafuni, mkono mmoja umefungwa bandeji. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, mengi kama kawaida yangu. Hakuyangoja.

"Ulifika wapi?"

"Funyula, Mama."

Aliurekebisha mkono wenye bandeji. "Funyula ni mbali," akasema, kisha akamwita kaka yake aniletee chai. Afadhali angenitukana.

Kesi imeahirishwa mara nyingi tangu hapo. Vigari vya kampuni vinapita getini mchana kutwa. Mwanachama mmoja alikwenda kukaa kwa dada yake Port Victoria, anashona nyavu. Wengine nawaona stendi wakinyoosha mkono, nami hupita upande wa pili wa barabara. Watu hao walikuwa na njia yao, iliyopimwa na kufanya kazi, nasi tukaidharau kwa sababu haikuwemo kwenye nakala zetu.

Kila Jumatatu mwenyekiti huenda kule uani kudai baiskeli za chama. Anadai fomu, anadai ijazwe mpaka chini, anadai muhuri. Anapelekwa kwa wilbaro, ameketi juu ya mto, kaka yake akisukuma. Mimi hujaza fomu. Jumatatu iliyopita tuliziona kupitia uzio, zimelaliana, nyasi zimeota kati ya magurudumu, na yake haina tena mnyororo.

Tukirudi tulifika pale barabara inapoteremka. Kaka yake alikuwa akihema, maana hajapata nafuu tangu kipigo kile, nami nikanyoosha mkono nishike mpini mmoja.

"Acha," akasema mwenyekiti bila kugeuka. "Wewe beba karatasi."

Nikaurudisha mkono wangu, nikatembea kando yao nimebeba karatasi.