Lalamiko la Kwanza la Mama Vitufe

Kama kuna mtu aliyewahi kuomba asemwe vibaya, basi ni Mama Vitufe. Miaka sita aliomba, tena kwa moyo mweupe, na kila asubuhi huku akipiga mswaki alifungua ukurasa wa malalamiko wa kazi yake akakuta vilevile: sifuri.

Jina hilo alibandikwa na wifi yake, likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kiunzi cha programu. Ukimwuliza, na hata usipomwuliza, angekueleza kwamba mtu anayeunda programu hana haja ya kuchonga upya kila dirisha, kila kitufe na kila kisanduku cha kuandikia jina. Achukue vya Mama Vitufe vilivyo tayari, avipange atakavyo, na programu ileile itafunguka kwenye kompyuta ya mezani na kwenye mtandao pia bila kubadilisha hata nukta. Tena bure. Msimbo wote ulikuwa wazi, yeyote ausome, auchukue, aurekebishe akiona kasoro. Jirani mmoja alimkumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama Vitufe akamnunia wiki nzima, kwa sababu chake hakikujiuza wala hakikujitembeza.

Ubaya wa kutoa kitu bure mtandaoni ni kwamba mchukuaji haagi. Utamjua siku kikimharibikia, maana ndipo anaporudi kulalamika. Mumewe, mwalimu wa udereva, mtu mpole ambaye hata breki huzikanyaga kwa adabu, alidhani ukurasa usio na malalamiko ni sifa. Alipoelezwa kwamba ni msiba, akafanya kosa la mapenzi: aliandika lalamiko mwenyewe kwa jina la uongo. Lilisema kitufe ni kizuri, ila mtumiaji akumbuke kutazama vioo vyote kabla ya kubonyeza. Mama Vitufe hakuhitaji mpelelezi. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akalifuta.

Sasa maji yalikuwa yamefika shingoni. Ofisi moja ya bima ilimtaka akatunze fomu zao, kazi ya mshahara wa kila mwezi, na mkataba wao ulikataza shughuli nyingine yoyote ya kompyuta. Akitia saini, kiunzi kinafungwa. Mume na mke walikaa wakakubaliana. Akitokea mtu mmoja tu anayekitumia, asiye ndugu wala jirani, kabla ya saa nane mchana siku ya Ijumaa, bima inakataliwa na wataendelea kujibana kama walivyozoea. Asipotokea, anakwenda kusaini, na hakuna kununiana.

Ijumaa yenyewe, saa tatu asubuhi, mswaki mkononi, aliukuta ukurasa umebadilika. Sifuri ilikuwa imegeuka moja.

"Nani mwenye akili zake anatengeneza kitufe cha Hifadhi kinachokimbia?" mtu huyo alikuwa ameandika. "Nikipanua dirisha kinapotelea nje ya skrini. Nimeandika majina ya wagonjwa mara tatu na mara tatu yamepotea. Kwenye mtandao ni hivyohivyo. Hii ni kazi ya mtu mvivu."

Mama Vitufe alipofika kwenye neno mvivu alipiga kigelegele. Alizunguka meza mara mbili. Alisoma tena, kwa sauti, mbele ya friji. Kisha akafungua dirisha lake mwenyewe, akalipanua mpaka mwisho, na kitufe hakikwenda popote. Kilitulia tuli kama mkwe ukweni.

Furaha ikaingia mchanga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alishaumwa mara moja, nyumbani kwake, na mtu anayelala naye kitanda kimoja. Alifuta povu mdomoni, akaibana laptopu kwapani, akashika njia kuelekea shule ya udereva.

Mumewe alikuwa darasani na wanafunzi tisa, akiwafundisha alama za barabarani kwenye skrini kubwa ya ukutani.

"Mwalimu, niambie ukweli," alisema Mama Vitufe akiwa mlangoni. "Ni wewe?"

Mwalimu alimtazama usoni, kisha miguuni. Ndala moja ilikuwa yake, nyingine ya mumewe. Akauliza kwani yeye mwenyewe kafanya nini.

"Umeniita mvivu."

Darasa zima liligeuka kumtazama Mwalimu.

"Mke wangu," alisema Mwalimu polepole, "mimi, na akili zangu timamu, mbele ya mashahidi tisa, nikuite wewe mvivu?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Mama Vitufe aliipokea. Lakini macho yake yalikuwa yameshahama. Skrini ile ilikuwa pana ajabu. Laptopu yake ilianguka miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo upande wa kulia wa skrini ulikuwa mweusi. Mwenye nayo aliuzoea, akapunguza madirisha yote yaenee kwenye sehemu iliyobaki. Kwa miaka hiyo mitatu hakuiona kazi yake kwenye upana unaozidi viganja viwili.

Aliomba waya bila kusubiri jibu, akaiondoa alama ya kusimama, akachomeka laptopu. Dirisha likatokea ukutani. Alilishika pembeni akalivuta, na kitufe cha Hifadhi kikaanza kusogea kulia, kikasogea, kikasogea, kikatoka nje.

"Kimekimbia," alinong'ona. Akarudia kulivuta, kikakimbia tena. Akamkumbatia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisomea leseni ya lori. Wanafunzi walipiga makofi ingawa hakuna aliyejua wanashangilia nini.

Kosa lilikuwa lake peke yake: nafasi ya kitufe aliipigia hesabu kwa upana wa skrini yake mbovu. Aliketi kwenye meza ya mwalimu akairekebisha huku somo likiendelea ubaoni kwa chaki. Akakipandisha kiunzi kipya mtandaoni, akamwandikia mlalamikaji kumwomba radhi na kumweleza namna ya kukichukua, na mwishoni akauliza, kwa heshima zote, yeye ni nani.

Jibu lilifika saa saba na nusu. Alikuwa karani wa kliniki ya meno. Programu yao ya wagonjwa ilijengwa kwa kiunzi hicho mwaka uliopita, nayo haikuwasumbua mpaka jana waliponunuliwa skrini pana. "Kitufe kimetulia sasa," aliandika. "Lakini hapa tuko kumi na sita, na wenzangu nao wana ya kwao moyoni. Niwaambie waandike?"

Mama Vitufe alijibu waandike. Wakaandika. Herufi ni ndogo, rangi ya buluu inaumiza kichwa, kisanduku cha tarehe ni kibishi. Mwalimu alikuwa akimsomea moja baada ya jingine kwa sauti ya mtu anayesoma pongezi za harusi, simu ikaita. Ilikuwa saa nane kasorobo. Katibu wa ofisi ya bima alitaka kujua kama yuko njiani, maana karatasi zilikuwa tayari mezani.

"Samahani dada, sitakuja," alisema Mama Vitufe. "Kuna watu wananilalamikia."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Watano bado wanaandika."

"Jamani, pole sana," alisema katibu, na ilisikika kwamba huruma yake ni ya kweli.

Mama Vitufe alijaribu kumshukuru, lakini kicheko kilimzidi nguvu, ikabidi ampe mumewe simu.