Fahali Mwenye Moyo wa Kuku

Muuza nyama, waliyembandika jina la Shoka, alichagua vifaa vya kompyuta yake ya gemu kama anavyochagua ng'ombe, yaani kwa ukubwa. Alinunua kadi ya picha nzito kama paja la mbuzi, na kasha la kompyuta lilipokataa kuimeza, akalipasua kwa panga la buchani. Kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta alikiokota kwenye vyuma chakavu.

Kaka wa mkewe alikiona akacheka. “Shemeji, kompyuta hii ni fahali mwenye moyo wa kuku. Kadi kubwa hivyo itakiua kisanduku hiki kidogo.”

Shoka hakuzoea kufundishwa nyumbani kwake. Alimshindilia ngumi ya shavu la kushoto, jino likaruka, shemeji akaenda chini na kiti chake. Kisha akawasha mashine, akaingia vitani, akawa anamimina risasi huku akitukana ukoo mzima.

Ghafla kisanduku kikalipuka. Moto ukarukia pazia, na Shoka akaganda, mikono kwenye kibodi. Shemeji ndiye aliyeng'oa waya ukutani, akaliangusha pazia na kulikanyaga mpaka likazimika, damu ikimchuruzika kidevuni.

Halafu akamsogelea Shoka, akamgeuzia shavu la pili. “La kulia bado,” akasema. “Leo walau sawazisha kitu kimoja.”