Moja ya Tano

Juzi binti yangu aliniuliza, akitafuna kalamu, sifuri nukta mbili ukiigeuza kuwa sehemu rahisi unapata ngapi. "Moja ya tano," nilimjibu hata hajamaliza. Akanitazama kwa mshangao, maana anajua mimi na hesabu hatuivi chungu kimoja. Moja ya tano naijua kwa sababu ilikuwa kipande cha samaki, nyumbani kwetu Rusimbi, nilipokuwa darasa la tano.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka ule alipanda boti kwenda Kagunga, kijiji cha mbali ziwani, akasema dagaa huvuliwa gizani na giza la huko lina neema, na mbalamwezi ikianza tu, wavuvi wanapopumzika, atarudi.

Kila jioni mama alipika mgebuka mmoja kwa mawese na kumgawa vipande vitano: chake, changu, vya wadogo zangu wawili, na cha baba. Cha baba alikifunikia sahani pembeni ya jiko. Asubuhi alikifunua, tukakila na kiporo cha ugali. "Baba yenu amewaachia," alisema, nasi tukaamini kabisa, kwa vile samaki wa asubuhi alikuwa mtamu zaidi.

Siku moja mwalimu alitutaka tuandike sehemu ya kitoweo tuliyopata jana yake, kwanza kwa desimali, kisha turahisishe. Nikaandika 0.2, ikawa mbili ya kumi, nikagawanya juu na chini kwa mbili: moja ya tano. Nilijiona bingwa.

"Nyumbani mko wangapi?" akauliza mwalimu.

"Wanne, mwalimu."

"Basi samaki mmoja kwa wanne ni sifuri nukta mbili tano. Rahisisha, unapata robo. Hii moja ya tano umeitoa wapi?"

"Kuna cha baba. Yuko Kagunga."

Akatabasamu, wala hakuwa na ubaya. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, akaniwekea kosa. Darasa zima likacheka.

Nilifika nyumbani nimefura. Mama alinisikiliza huku akipepeta mchele. "Methali hiyo akakatie samaki wa kwake," akasema. "Hapa tuko watano."

Mbalamwezi ikaja. Wavuvi wa mtaani wakarudi, wake zao wakawa wanacheka bombani bila sababu. Baba hakuja. Ikaja nyingine, na nyingine. Mama akazoea kushuka ziwani, mwaloni Kibirizi, mwenyewe, eti samaki wa huko ni wabichi zaidi, lakini kila boti la Kagunga likitia nanga alikuwa wa kwanza kusogea. Mimi nilibeba beseni na kumtafuta baba chini ya kila kofia.

Hapo ndipo mchuuzi mmoja wa dagaa, mwanamke wa Kagunga, alipomshika mama mkono. "Dada yangu, usiulize tena boti kwa boti. Yule ana nyumba kule. Mwenzio kajifungua juzi."

Mama akamshukuru. Akachagua mgebuka, akapatana bei kama kawaida yake, tukapanda mlima kurudi nyumbani.

Jioni ile kisu kilipita mara tatu tu. Vilikuwa vipande vinne, vikubwa, na wadogo zangu walifurahi kama sikukuu. Mimi nilikikodolea macho changu mpaka mchuzi ukaganda.

"Kula," mama akasema. "Na kesho mwambie mwalimu alikuwa sahihi."

Sikumwambia. Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Nilikula robo yangu nikashiba kuliko siku zote, huku nikiitamani moja ya tano kwa uchungu ambao haujanitoka mpaka leo.

Asubuhi mdogo wetu wa mwisho alikwenda pembeni ya jiko kama alivyozoea, akainua ile sahani.

"Mama, leo baba hakutuachia?"

Mama aliendelea kupuliza moto, ingawa ulikuwa umeshawaka.