Mwezi wa Nani

Asubuhi nilichuma chai, na alasiri niliwafundisha hesabu watoto wa kambi yetu ya wafanyakazi huko Kericho. Vitabu hatukuwa navyo, kwa hiyo tulihesabu mambo ya nyumbani kwao kwa punje za mahindi.

Siku moja niliwauliza mwezi una siku ngapi. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwezi wa nani, mwalimu?"

Nilimkaripia, maana sikupenda utundu. Yeye akapanga punje thelathini, moja kwa kila siku ambayo nyapara alitia alama kwenye tikiti ya kazi ya baba yake; tikiti ilijaa kwa alama thelathini, ndipo mshahara wa mwezi ulipolipwa. Kando akaweka tano za Jumapili na tano za homa, siku zisizotiwa alama.

"Wa baba una arobaini," akasema.

Sikumwomba radhi. Walipoondoka nilibaki peke yangu na zile punje. Nilikuwa nimemwahidi mama, kule kwetu ziwani, kwamba ningerudi baada ya miezi sita. Yeye alihesabu kwa mwezi wa angani, na wa sita ulikuwa umeshakwisha. Tikiti yangu ya tano ilikuwa haijajaa.