Mbuzi Niliyemfuta

Niliandika barua kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kukiri kwamba mimi ndiye niliyemharibia jirani yangu insha. Chuo kikaipima barua hiyo kwenye kompyuta na kuambiwa kwamba iliandikwa na mashine, kwa uhakika wa asilimia tisini na sita. Insha yenyewe ilikuwa imepata tisini na nne. Kwa hivyo, ukiiuliza kompyuta ya chuo, mimi ni mashine kumshinda jirani.

Nieleze kwa mpangilio.

Jirani si jirani tena. Tuliishi ploti moja ya vyumba vya kupanga Kibera, ukuta wa mabati katikati yetu, mpaka nilipohamia Kawangware miaka sita iliyopita. Bado ananiita jirani, nami namwita jirani, kwa sababu mtu ambaye umesikia kikohozi chake kwa miaka minane huwezi kumtafutia jina jipya. Anafua nguo za watu kwenye magorofa ya Nyayo Highrise siku nne kwa wiki. Siku zilizobaki watoto wa ploti hukusanyika mlangoni kwake, naye huwafundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Hakuna aliyemtuma.

Mapema mwaka huu chuo kimoja kidogo cha huku Kawangware kilitangaza nafasi ishirini za kusomea ualimu wa chekechea, karo juu ya wafadhili. Walitaka cheti cha kidato cha nne, insha ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu kwa nini unataka kufundisha watoto wadogo, na umri usiozidi miaka arobaini. Jirani atatimiza arobaini na moja mwezi wa Agosti. Kwake yeye hakukuwa na mwaka ujao.

Alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, kwa miguu, insha ikiwa ndani ya karatasi ya nailoni kana kwamba ni cheti cha ubatizo.

"Jirani, wewe kazi yako ni maneno. Nioshee hii."

"Mwenye kuosha ni wewe."

"Mimi ni nguo. Usiniongezee kazi."

Ni kweli kazi yangu ni maneno. Ninahariri habari za redio ya mtaa, na nikipewa karatasi yoyote, hata risiti ya duka la dawa, mkono wangu hutafuta kalamu. Insha ya jirani ilirukaruka. Katikati yake kulikuwa na mbuzi. Nanukuu, maana picha ya nakala ya kwanza ninayo: "Nilikata namba kwa katoni, moja mpaka kumi, nikaanika kwa kamba. Mbuzi wa nyumba ya mwisho akakula nane. Watoto walilia sana. Mpaka wa leo wakihesabu, wakifika saba wanacheka kwanza ndio waendelee."

Nilimfuta mbuzi. Niliona hana kazi katika maombi rasmi. Mahali pake niliandika: "Aidha, nimebuni vifaa vya kufundishia kwa kutumia rasilimali zinazopatikana katika mazingira yetu." Niliisoma kwa sauti, nikajipongeza. Jirani alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ni mimi huyo?" akauliza.

"Ni wewe, ukiwa umevaa viatu."

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. "Jirani, wanasema nimeandikiwa na kompyuta."

"Kompyuta gani?"

"Ndiyo nimewauliza! Mimi hata stima ya kwangu ni ya kubahatisha."

Mkuu wa chuo, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, hakutaka kumwonea. Alimwita aje aandike upya, mbele yake, bila simu, bila karatasi. Hapo kila kitu kingekwisha kama jirani angesomea shule nyingine. Lakini yeye, kama mimi, alisomea zile shule ambazo kila Ijumaa mwalimu alisoma insha bora ya darasa, nasi tukaikariri mpaka nukta. Aliyesahau alisimama ukutani. Tulifunzwa kwamba insha nzuri huwa ni moja, na kazi yako ni kuibeba bila kuimwaga.

Alikuwa ameikariri yangu akifua, mstari mmoja kila shuka. Akaketi mbele ya mkuu na kuiandika yote.

Mkuu akaweka karatasi mbili pamoja, akavua miwani.

"Mama, hii ni ile ile."

"Ndiyo, Mwalimu," jirani akajibu kwa fahari. "Sijaacha hata koma."

Aliponisimulia nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba aliyetunga kile alichokikariri ni mimi. Kesho yake nilichukua daftari, nikaenda kwenye saiba ya karibu na kwangu, kile kibanda cha intaneti. Mwenye saiba ni mwanamume wa makamo anayebishana na redio. Nilimwomba tufungue programu kama ya chuo, ya kupima kama maandishi ni ya mtu au ya mashine.

Tulianza na insha niliyoiosha. Mashine. Kisha nakala ya kwanza, yenye mbuzi. Binadamu.

"Mbuzi ndiye ushahidi," akasema mwenye saiba.

Nikanakili tangazo lililoko kwenye geti letu, ambalo mwenye ploti, mzee aliyezaliwa hapa hapa, huliandika mwenyewe kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino, juu ya katoni: "Wapangaji wote mnajulishwa kwamba zamu ya kuosha choo itafuatwa kikamilifu bila ubaguzi." Mashine. Mwenye saiba naye akaiambia kompyuta imwandikie insha kuhusu ualimu, na iongezewe makosa manne na shangazi mmoja mgonjwa. Tukaipima. Binadamu.

"Umeona, buda?" akasema. "Mwizi amepewa kiti, mwenye nyumba amewekwa nje."

Jioni nilimweleza mwenye ploti kwamba yeye ni mashine. Akajibu, "Mwambie huyo aliyepima aje Jumamosi. Zamu ya choo ni yake."

Ndipo nikaandika ile barua. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio: nani aliandika, nani alifuta, nini kilifutwa. Nikaambatanisha nakala ya kwanza. Niliandika kwa makini kuliko kawaida, na nadhani hilo ndilo lililoniponza. Karani aliichapa, wakaipima.

Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa ameweka karatasi zote mezani kama karata.

"Mimi sisemi wewe ni mwongo," akaanza. "Ni mashine imesema."

"Na mashine ikikosea, Mwalimu, nani humwomba huyu mama msamaha?"

Aliichukua nakala ya kwanza, ile ya mwandiko wa jirani, akasoma kimya. Alipofika katikati mabega yake yalitikisika. Akarudia mstari mmoja, akacheka kwa sauti, halafu akajikaza.

"Lakini hii hamkuileta mapema," akasema. "Na kamati yangu itauliza, nawezaje kujua kwamba huyu mbuzi hakuongezwa jana?"

Lilikuwa swali la haki. Tangu hapo nimelizungusha kichwani na sijapata jibu ambalo halihitaji kumleta mbuzi mwenyewe, na mbuzi aliliwa Krismasi ya mwaka juzi.

Nilimpigia jirani kumwomba msamaha. Alikuwa kazini, nilisikia maji.

"Wewe ulinivalisha viatu," akasema, "na viatu havikuwa saizi yangu. Lakini mimi ndiye nilitembea navyo mpaka ofisini. Sasa niambie, wakiniita tena, mbuzi nimrudishe?"

"Mrudishe."

"Na ile 'aidha' yako?"

"Itupe."

"Aa, nilikuwa nimeizoea."

Hajaitwa tena. Jana, Alhamisi, orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa kwenye geti la chuo. Nilipita leo nikaisoma mara mbili, kidole juu ya karatasi. Nambari ni ishirini, majina ni kumi na tisa, na la jirani halimo. Pengo liko kwenye kumi na nne. Lingekuwa kwenye nane, namba aliyokula mbuzi, nisingethubutu kuandika haya; nani angeniamini? Nilimuuliza askari wa geti kama karani alipitiwa. Akasema karani alikuja asubuhi na kalamu, akasimama mbele ya ile nafasi, akarudi ndani bila kuandika.

Masomo yanaanza Jumatatu.