Mkanda wa Baba wa Ngozi ya Farasi

Siku shangazi alipoteremka kwenye basi pale Makambako na ngozi ya farasi ndani ya kiroba cha mbolea, nilikuwa nabishana na mteja juu ya soli. Mimi nina mdomo, sikatai. Nashona viatu, mikanda na mikoba kwenye kibanda changu karibu na stendi, na anayetaka kunifundisha kazi lazima awe amejiandaa. Lakini shangazi akiingia, huwa natulia. Mama yule anatengeneza ngozi tangu mimi sijazaliwa, nyumbani kwake Kifanya, kwenye mapipa ya maji ya magome ya miwati. Viganja vyake vimeiva rangi ya magome, na hakuna sabuni inayoitoa.

"Kamwene," alisalimia, akamsogeza mteja wangu kwa nyonga, akamwaga mzigo mezani.

Farasi mwenyewe alikuwa wa shamba moja la chai upande wa Mufindi, kafa kwa uzee. Mlinzi wa pale alijua kuna mama Kifanya ambaye hatupi ngozi, akampigia simu. Shangazi alikaa nayo miezi, anaigeuza, anaikwangua, anabadilisha maji, mpaka ikaiva. Watu wa stendi wakajaa kuitazama, maana wengi wetu farasi tumemwona kwenye picha tu. Kuna mzee alitaka kujua kama inanuka.

Shangazi akafumba macho, akaweka kiganja kwenye shingo ya ile ngozi, akaanza kushuka taratibu. Hivyo ndivyo anavyosoma ngozi. Nimejaribu kumwiga miaka yote na bado naambulia kufumba macho tu.

"Ng'ombe ukikosea anakusamehe," alisema. "Huyu hasamehi. Ukimpa kazi isiyo yake, atakuaibisha."

Shingo na mabega, alisema, ni nyembamba na inakunjika bila kupasuka, kwa hiyo nishone majalada ya Biblia, pochi, na glovu za vijana wa bodaboda wanaoganda vidole asubuhi. Tumbo linalegea, hilo la kujifunzia mishono. Alipofika nyuma akasimama, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ililia kama kibao.

"Mali ya farasi yote iko matakoni!" alitangaza, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hapa imeshikana. Haivutiki ikiwa kavu, haivutiki ikilowa. Hii ni ya kaka yangu. Usiikate kwa kazi nyingine, umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Kaka yake ni baba yangu, nami ninaishi naye Kitandililo. Miaka miwili nyuma, gogo la msindano lilimpondaponda mguu wa kulia kazini, ukakatwa chini ya goti. Alipewa mguu wa bandia unaoshikiliwa na mkanda mpana wa ngozi unaozunguka paja, umefungwa kamba mbele kama kiatu, na mikanda miwili inayoshuka pembeni. Ule mkanda ulikuwa umekwisha kwa kuvaliwa. Tuliubadilisha kwa ngozi ya ng'ombe, lakini kwetu manyunyu yanaweza kushinda wiki nzima, na ngozi ikinywa maji inavutika, mguu unacheza, mtu anaanguka. Alianguka mara tatu kwenye shamba lake la viazi hapo bondeni chini ya nyumba. Mara ya tatu alitambaa kurudi, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha barazani. Shamba analiona pale alipokaa. Alikuwa ameanza kuzungumza habari za kulikodisha, na mimi nilijua siku akilikodisha, basi tumemzika akiwa hai.

Sasa ngoja niseme ukweli, maana hapa sina pa kujificha. Shangazi alipoondoka, niliitandaza ile ngozi, nikatamani. Sehemu ya nyuma ilikuwa inang'aa yenyewe kabla sijaipaka chochote. Maonesho ya mafundi kule Njombe mjini yalikuwa karibu, na nikaona mkoba kichwani mwangu, mzima mzima, mpaka mishono. Nikajiambia, baba ana paja la mtu mzima, ngozi ngumu itamchuna. Shingo ni laini, itamfaa zaidi. Nikajisadiki kabisa! Mtu akitaka kitu haishiwi sababu.

Nikamshonea baba mkanda wa shingo ya farasi, mzuri, laini kama shavu. Nikashona na mkoba wangu, pande lote la nyuma likaenda huko. Wiki tatu. Msharasi wa kutobolea ulikuwa haupenyi, nilitoboa tundu moja moja huku naitukana ile ngozi. Lakini mkoba ulipokwisha, jamani! Wapita njia walisimama.

Baba aliuvaa mkanda wake, akazunguka uani, akasema, "Umeniweza, mwanangu." Siku nne alitembea vizuri. Siku ya tano manyunyu yakaanza, naye akashuka njia ya shambani bila fimbo. Hakufika hata kwenye mti wa parachichi. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye matope, mkanda umevutika kama soksi kuukuu, anauangalia.

"Si kosa lako," aliniambia. "Mwili ndio umekataa. Mtafute huyo mtu wa kukodi shamba."

Si kosa lako. Laiti angenichapa.

Sikumpigia shangazi simu, nilikuwa naogopa. Baba ndiye aliyempigia, kumpa tu habari za shamba, na kesho yake saa nne shangazi alikuwa kibandani kwangu. Mkoba ulikuwa unaning'inia mbele, palepale pa kuonekana. Akaushusha. Akafumba macho, akapitisha kiganja. Alijua kabla hajafika kwenye kifungo.

Nilisubiri kelele. Badala yake akaugeuza, akachungulia mishono ya ndani, akavuta mshikio.

"Huu mshono hata mimi siupati," alisema. "Umenipita."

Hakuna mtu duniani ninayetaka anisifu kama yule, na alichagua saa ile! Halafu akachukua kisu changu, akakilaza juu ya mkoba, mpini umeelekea kwangu.

Nikawaka. "Shangazi, hiyo ni kazi ya wiki tatu! Maonesho ni Jumatatu! Kwani Tanzania nzima hakuna ngozi nyingine?"

"Ya farasi? Ipo nyingine?"

"Tutatafuta!"

"Tafuta," alisema, akaketi, akatoa sufu yake akaanza kufuma.

Nikatoka nje. Nikazunguka stendi yote nimenuna, nikanunua maandazi nisiyoyataka, nikagombana na kondakta ambaye hakunifanyia lolote. Nilikuwa na hasira na shangazi kwa sababu hakuniamuru. Angeniamuru ningebisha, mimi kubisha naweza. Nikarudi, nikampa maandazi, nikakaa, nikaanza kufumua. Mshono mmoja mmoja. Nilipofika kwenye uzi wa mwisho nilikuwa nalia waziwazi, na shangazi akaniambia niangalie machozi yasidondoke kwenye ngozi, yataacha doa. Nikajikuta nacheka na kamasi.

Kilichofuata ningetamani kila fundi wa Makambako angekiona. Tulilichukua lile pande mpaka nyumbani. Shangazi akaliloweka kwenye maji ya vuguvugu, si sana, analitoa, analisikiliza kwa vidole, analirudisha. Akamvika kaka yake kitenge pajani, akalizungushia pande likiwa bichi, akaanza kulisugua kwa mfupa wa ng'ombe, kutoka katikati kwenda nje, polepole, mpaka likafuata kila bonde na kila kilima cha lile paja. Nilikuwa nimesema ngumu itamchuna. Kumbe ngumu hiyohiyo, ukiipa maji na subira, inakubali umbo la mtu, na ikishakauka hailiachi tena.

"Baridi!" baba alilalamika. "Mnanipikia nini hapa?"

"Tulia, kaka. Ukitikisika utatembea umepinda."

Alikaa hivyo mchana kutwa karibu na jiko la mkaa, shangazi akimshikilia goti, wakisimuliana habari za utoto wao na kucheka kwa Kibena. Mikanda miwili ya pembeni nilikata mimi, kutoka pale pagumu kabisa. Tukaipaka nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe. Matundu ya mishono ya mkoba wangu yalibaki pembezoni, mstari mzima, na shangazi akakataa niyafiche. Alisema kamba zitapita humohumo.

Jumatatu sikwenda Njombe. Nilifungua kibanda kama kawaida, mvua ikaanza saa tano, mvua hasa, si manyunyu. Nikafunga mapema, roho haijatulia. Nilipofika nyumbani kiti cha barazani kilikuwa kitupu na jembe halipo ukutani.

Nilikimbia kushuka bondeni huku naita "Baba! Baba!" viatu vimejaa maji. Nilimwona katikati ya shamba, ameloa mpaka kwenye mifupa, miguu yote miwili kwenye tope, anavuta udongo kwenye shina la kiazi. Akaenda shina la pili. La tatu. Hakuyumba. Mkanda ulikuwa unatiririka maji na haukuwa umesogea hata unywele.

Akageuka, akaniona.

"We mtoto una macho kweli?" alifoka. "Unakanyaga tuta langu! Toa hiyo miguu yako hapo, nimelipandisha sasa hivi!"

Tangu gogo lile limwangukie, baba alikuwa hajanifokea hata mara moja. Kila kitu kilikuwa asante mwanangu, samahani mwanangu, pole kwa usumbufu, kama mgeni nyumbani kwake.

"Hutaki kusikia? Toka kwenye tuta!"

Sikutoka upesi. Nilisimama palepale kwenye mvua, nikamwacha aniseme.