Ukuta wa Kaskazini wa Bi Rukia

Baba yangu ni Athumani bin Mbwana, aliyezaliwa Vanga. Mama yangu ni Mwanasiti binti Hamadi, aliyezaliwa Gazi. Mimi, Hamisi, nilizaliwa baina ya miji hiyo, katika nyumba ya mawe na chokaa ambayo baba aliijenga kwa mikono yake. Sikupelekwa shule. Ndiyo sababu mimi nasema na mjukuu wangu Zuhura anaandika, nami nimemwonya asitie neno la kunipamba.

Kwetu nilikuwa mwashi. Huku Minnesota, Marekani, hadi magoti yalipoikataa ngazi, kazi yangu ilikuwa kuzivua nyumba mavazi yao makuukuu na kuzivika mapya. Nyumba za huku si za mawe. Ni kiunzi cha mbao, na juu ya kiunzi hupigiliwa plaiwudi. Juu ya plaiwudi huvutwa karatasi ngumu inayozuia maji lakini inayopitisha mvuke, na mwisho huja mbao za nje, zilizolaliana kama magamba ya samaki. Mafundi wote, wa taifa lolote, huziita saidingi. Hizo ndizo zinazopigwa na mvua ya upande, na theluji, na barafu inayoyeyuka mchana ikaganda tena jua likitua. Huchoka. Asiyezibadilisha mapema huuona ukuta mzima kwa macho, kumbe nyuma yake umekuwa uji.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Champlin, karibu na mto, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala kwenye vivuli. Binti yangu, mamake Zuhura, alinishusha akielekea kwenye zamu yake hospitalini. Nilivaa makoti mawili na bado nilitetemeka. Msimamizi wetu alikuwa mwenyeji wa huku, mtu mrefu asiyejua kucheka. Alinipa mtaimbo bapa, yaani chuma cha kung'olea mbao bila kujeruhi kilicho nyuma yake, akaninyooshea kidole ukutani. Niliushambulia ukuta kwa nguvu za mwashi. Kabla ya saa sita nilikuwa nimevua upande mzima, nikasimama kungoja sifa.

Msimamizi aliniita chini ya ngazi. Kijana mmoja wa Kisumu alikuwa akitufasiria.

"Anauliza, nani atalala humu leo?"

"Mwenye nyumba," nikajibu.

"Anasema basi usivue usichoweza kukivika kabla ya giza. Tena anasema mzee ana mikono mizuri, lakini macho ameyasahau kwao."

"Mwambie macho ninayo, ila machozi ya baridi yameyajaa."

Kijana alicheka, akamfasiria. Msimamizi hakucheka. Alitazama mawingu, akatutuma sote tukafunike ukuta kwa turubai, na hatukuwahi kumaliza kabla mvua haijafika. Tangu hapo sikuvua ubao bila kwanza kutazama mbingu.

Mtu huyo alinifundisha mengi bila kunipenda. Alinifundisha kupinda bati jembamba juu ya kila dirisha ili maji yasirudi nyuma ya fremu. Alinifundisha kuacha mwanya chini ya ubao wa mwisho, jambo lililonichukiza, kwa kuwa kwetu mwanya huzibwa. "Maji yataingia tu," alisema. "Wewe yape pa kutokea." Nilimfuata Champlin, kisha Saint Paul, kwenye nyumba kongwe zenye mbao zilizopakwa rangi juu ya rangi. Alipostaafu hakuna aliyeandaa chai. Alikabidhi funguo za gari la vifaa, akaondoka.

Baada yake nilihamia kwa Fundi Mkuu, Mkongomani wa Uvira, ambaye kikosi chake kilifanya kazi Brooklyn Center. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, nami nilimtii, kwa maana kazi haina umri. Yeye hakuanza kwa kuvua. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza.

"Muzee, weka sikio hapa," alikuwa akiniambia. "Huu ukuta iko mugonjwa. Sikia vile inaitikaka."

Ubao mzima hutoa sauti kavu. Uliokunywa maji hutoa sauti ya mlango uliofungwa na godoro nyuma yake. Mimi na yeye tuligonga kuta nyingi za Brooklyn Center, na nyingi zilikuwa gonjwa. Mbao za zamani za huko ni za unga wa mti uliogandamizwa. Zikinywa maji huvimba kama mahamri yaliyosahauliwa kwenye chai.

Sasa naifikia nyumba ninayotaka isisahaulike.

Rafiki yangu Mzee Shee, mtu wa Mombasa, alikuwa na nyumba Brooklyn Center. Alifariki mwishoni mwa kiangazi, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Mkewe, Bi Rukia, akakaa eda. Kwa ambao hawajui, eda ni muda ambao mjane hukaa katika nyumba aliyofia mumewe, asitoke ila kwa dharura, asijipambe, asiposwe. Kwetu mwanamke huiheshimu eda kama anavyoiheshimu sala yake. Majani yalikuwa yameshaanguka pale mwanawe Faraj aliponipigia simu kuniambia mbao za ukuta wa jikoni, upande wa kaskazini, zimevimba, na mama ana aibu kwa wageni.

Nilikwenda na Fundi Mkuu. Aligonga mara moja tu, akaniangalia. Tulipoubandua ubao wa kwanza, mtaimbo ulizama kwenye plaiwudi kama kijiko. Plaiwudi ilikuwa nyeusi, pamba ya kukinga baridi ilikuwa imelowa, na chini kabisa, ile boriti inayolala juu ya msingi na kubeba ukuta wote ilimong'onyoka mkononi. Lakini karatasi ya nje ilikuwa nzima. Maji hayakutoka mvuani. Yalitoka ndani.

Niliingia jikoni kwa ruhusa, Bi Rukia akiwa chumba cha pili nyuma ya pazia. Juu ya jiko, kitundu cha kutolea mvuke kilikuwa kimejazwa matambara na kufungwa kwa utepe mpana, tabaka juu ya tabaka.

"Bi Rukia, kitundu hiki nani alikiziba?"

"Marehemu, shemeji. Upepo ulikuwa ukiingia hapo ukimpiga kifuani. Alipanda kiti yeye mwenyewe, mgonjwa vile, akakiziba."

Kwa majira ya baridi mengi jiko lile lilikuwa limepika bila kupumua. Na nyumba ya Mzee Shee haikuwa nyumba ya sufuria ndogo. Wali wa maulidi wa ujirani wote ulipikwa pale, na katika matanga yake mwenyewe masufuria yalichemka tangu alfajiri. Mvuke wote uliingia ukutani, ukakutana na baridi, ukageuka maji, na maji yakakaa. Nyumba za watu wetu huku nimeziona nyingi za namna hiyo. Tunaogopa baridi, tunaziba kila tundu, tunapikia watu mia, kisha tunalaumu mbao.

Tulikaa uani, Fundi Mkuu, Faraj na mimi.

"Ami Hamisi, hii si big deal," alisema Faraj. "Wekeni siding mpya, mengine tutaona spring. Ama nimpeleke mama Burnsville kwangu, mvunje mnavyotaka. Sheikh amesema ni dharura, anaruhusiwa."

Fundi Mkuu alitikisa kichwa. "Kijana, theluji ikikala juu ya nyumba, ile boriti haibebi. Kufunika ni kuvika maiti suti." Kisha akanigeukia. "Chef wa kazi ni mimi, muzee, lakini mama uyu ni wa kwenu. Sema naye wewe."

Nilirudi ndani, nikasimama mbele ya pazia. Nilimwambia Bi Rukia yote: boriti, theluji, kitundu, ruhusa ya sheikh. Alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, ruhusa ni yangu kuitumia au kuiacha?"

"Ni yako."

"Basi naiacha. Niliingia nyumba hii na mume, nitatoka nimemaliza eda yake. Nanyi msinifunikie uozo. Marehemu hakukaa katika kitu kilichooza."

"Ukuta utakuwa wazi, Bi Rukia. Kutakuwa na baridi usiyoijua."

"Baridi gani nisiyoijua, nami nalala peke yangu?"

Nilitoka nikamwambia Fundi Mkuu kwamba mama habanduki. Aliguna, akavua kofia, akaivaa tena. "Basi tutavua kidogo, tutavika kidogo," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na ni kazi ngumu kuliko zote nilizopata kuzifanya. Tuliziba mlango wa jikoni kwa turubai na mablanketi ili joto libaki upande wake. Tukasimamisha nguzo za muda, tukainua ukuta kwa jeki, kama za magari lakini nene zaidi, taratibu, hata sahani kabatini zisilie. Tukakata kipande cha boriti iliyooza, tukaingiza kipya, tukakikaza, ndipo tukasogea kipande cha pili. Hatukuacha wazi usiku urefu unaozidi mikono yangu miwili iliyonyooshwa. Vidole vilikufa ganzi hata msumari nikawa siuhisi. Mbingu ilishuka kila siku, ya kijivu, bila jua.

Bi Rukia alikuwa akitusikiliza nyuma ya pazia lake.

"Shemeji, leo mnagonga kwa hasira. Mmegombana?"

"Tumegombana na mti, bibi."

"Huyo Mkongo wenu anaimba nini?"

"Mama, naimba ya kanisa," Fundi Mkuu akajibu mwenyewe. "Uniwie razi."

"Imba, baba. Nyumba imekuwa kimya mno."

Mwisho ukabaki ule utepe. Hakuna kati yetu aliyetaka kuubandua. Nilimwuliza Bi Rukia, naye akaomba tumpishe. Tulisimama nje kwenye baridi, tukasikia kiti kikiburutwa sakafuni. Aliubandua mwenyewe, akayatoa matambara moja moja. Baadaye aliniambia moja lilikuwa shati la Mzee Shee. Tulipoingia tena hakukuwa na kitu pale juu ila tundu jeusi na upepo. Tuliweka bomba jipya lenye kifuniko kinachofunguka mvuke ukitoka na kujifunga chenyewe upepo ukirudi. Hayakuwa mambo makubwa. Yangefanywa zamani, mtu asingetoka kitandani kupanda kiti.

Theluji ya kwanza ilianguka tukipigilia ubao wa juu. Iliendelea hadi asubuhi, nzito, yenye maji. Nilikwenda kutazama. Ukuta ulikuwa umesimama wima, na kutoka kwenye bomba mvuke ulikuwa ukipanda. Alikuwa anachemsha chai.

Bi Rukia aliimaliza eda yake katika nyumba ya mumewe, kama alivyotaka. Wiki hiyo hiyo Faraj alimchukua Burnsville, kwenye ghorofa lenye lifti, kwa kuwa ngazi za Brooklyn Center zilimshinda na mwanawe hakuweza kuendesha gari kila siku kumwangalia. Nyumba ikauzwa. Walioinunua hawatujui, nao hawana haja ya kutujua. Watu waliniuliza basi ile taabu yote ilikuwa ya nini, kama mwanamke hakukaa hata kiangazi kimoja ndani ya ukuta mpya. Fundi Mkuu hakuwahi kuniuliza.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Burnsville, kwenye maghorofa ya kupangisha, tukipandisha mbao za saruji ambazo hazivimbi wala hazipasuki. Ni mbao nzuri. Ni nzito, na zilinimaliza magoti. Siku niliyoteremka kwenye jukwaa bila kuweza kupanda tena, Fundi Mkuu alinishika mkono hadi garini, akasema, "Muzee, sasa wewe uvikwe." Nilimjibu kwamba saidingi yangu haipo tena dukani. Huo ndio ukawa mwisho wa miaka yangu ya kazi.

Tangu nilipostaafu nimekuwa mtu wa dirishani. Nazitazama nyumba na kujua ipi inaumwa, wala hakuna anayeniuliza. Marafiki wa rika langu wamezikwa huku, katika udongo ambao wakati wa baridi hupasuliwa kwa mashine ndipo kaburi lipatikane. Nami nitazikwa humo humo. Silalamiki, lakini pia sisemi kwamba nimefurahi.

Zuhura, haya ni yako sasa. Vifaa vyangu mpe yeyote anayefanya kazi. Chuma kisichoshikwa hushika kutu. Picha zangu mpe mama yako. Wewe nakutaka ushike jambo moja. Bi Rukia angali hai, na kila nikipelekwa kumzuru huniuliza habari za ukuta wake. Mimi siendeshi gari tena. Kwa hiyo majira ya baridi yakiingia, pitia Brooklyn Center saa ya watu kupika chakula cha jioni, simama ng'ambo ya barabara, tazama ukuta wa kaskazini. Ukiona mvuke unatoka kwenye bomba, nyumba inapumua. Usipouona siku kadhaa, bisha hodi kwa adabu uwaambie wasilizibe bomba. Kisha nenda Burnsville, umwamkie shikamoo, ukae, unywe chai yake hadi mwisho, na umjibu kwa Kiswahili. Mwambie ulichokiona. Usiongeze, usipunguze.